Mitihani 72 kwa mwaka mmoja: kisa cha shule ya mtandaoni Kisumu na vile upimaji ulipangwa upya

Hiki ni kisa cha shule ya sekondari ya mtandaoni yenye ofisi hapa Kisumu. Jina nitaliweka kando kwa sababu shida iliyokuwa nayo nimeiona kwa shule nyingi, hata zile za matofali. Wanafunzi wametawanyika kuanzia Busia mpaka Nakuru, wachache wako na wazazi wao Qatar, na hawafanani kabisa: kuna watoto ambao wazazi wanahamahama kikazi, kuna vijana wa soka wanaofanya mazoezi asubuhi na jioni, kuna walioacha shule kwa ugonjwa, na kuna kundi kubwa la akina dada waliopata watoto wakiwa fomu tuu ama fomu thrii na sasa wanarudi kumaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, huku wanachunga duka na kulea. Masomo ni jioni na Jumamosi, somo linarekodiwa, maswali yanaulizwa kwa WhatsApp, karo inaingia kwa M-Pesa. Mimi niliingia mwisho wa 2024 kama mratibu wa mitihani na nikapewa kazi moja, kupanga upimaji wa 2025 ili usivunjike vile ule wa 2024 ulivunjika.

Kalenda ya 2024 ilikuwa imenyanyuliwa nzima nzima kutoka shule ya bweni. Opena ya kufungua muhula, midtemu ya katikati, enditemu ya mwisho, kila somo, kila muhula. Masomo nane mara tatu mara tatu ni mitihani 72 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na hapo nimehesabu kila somo karatasi moja tu. Kwa bweni inawezekana, sisemi ni vizuri lakini inawezekana, kwa sababu mtoto yuko hapo, dawati liko hapo, mwalimu wa zamu anapita na karatasi, na jioni bunda la majibu liko stafrumu. Mtandaoni mtihani huo huo ni bando, ni simu ambayo mama anaitaka kwa biashara yake, ni mtoto mchanga analia chumba cha pili, ni stima imepotea katikati ya swali la saba na hakuna anayejua inarudi saa ngapi.

Muhula wa pili wa 2024 ndio ulianika kila kitu. Mnakumbuka mafuriko ya mwaka ule, wizara ya elimu ikasongesha kufungua shule kutoka 29 Aprili mpaka hatimaye 13 Mei. Hii shule nayo ikasongesha opena yake ikaiweka Jumatatu hiyo hiyo ya 13. Sasa Jumapili tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika na mtandao wa Afrika Mashariki yote ukaanza kutambaa. Jumatatu saa mbili asubuhi Hisabati inafunguka kwa programu, wengine ukurasa unazunguka tu, na saa ya programu haijui mambo ya nyaya, inaendelea kuhesabu kurudi chini mpaka ikafunga na sufuri. Kijana mmoja wa Ahero wakati huo alikuwa amehamia kwa shangazi yake Kondele na ndugu zake wote, maji yalikuwa bado yako kwao, na simu ya kutumia ilikuwa moja nyumba nzima. Yeye hata ule ukurasa wa kuzunguka hakuuona.

Baada ya hapo ni mabishano. Warudie mtihani? Kama ni kurudia, maswali yaleyale yameshapigwa skrinishoti yako kwa makundi. Watungiwe mpya? Nani atatunga, walimu wengi ni wa muda, mchana wako kwa shule zingine. Mwishowe opena ikarudiwa vipande vipande, wengine wiki hii wengine wiki ile, na midtemu ikafika kabla ya maksi za opena kutoka. Mwalimu wa Biolojia aliniambia alirudisha karatasi za opena wakati darasa lilikuwa limeshamaliza mada mbili mbele, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefungua kuangalia alikosea wapi. Kwani afungue ya nini?

Kwangu mimi kisa chote kiko hapo. Mtihani ambao majibu yake hayamfikii mwanafunzi wakati bado yanaweza kumsaidia haujampima kwa faida yake, umemchosha tu na kuchukua bando lake. Mafuriko na nyaya zilikuja juu ya kalenda ambayo tayari ilikuwa imejaa pomoni, hakuna siku hata moja ya kupumua ndani yake.

Desemba tulikaa chini, mimi na mwalimu mkuu na walimu wanne waliokuwa hawajasafiri, na kitu cha kwanza nilifanya ni kuandika wiki za mwaka ubaoni. Ratiba ya wizara ya 2025 ilikuwa muhula wa kwanza wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9, jumla 36. Nikauliza, mkifanya opena ama midtemu, inakula muda gani kwa ukweli? Wakasema wiki moja ya kufanya na wiki moja ya kusahihisha na kupitia maswali, kama mambo yameenda sawa. Tisa mara mbili ni 18. Nusu ya mwaka. Mwalimu wa Kiswahili akanyamaza halafu akasema, ndio maana sijawahi kumaliza silabasi hapa.

Kutoka hapo tukaanza kwa kugeuza, tukianzia mwisho wa mwaka tukirudi nyuma. Mwisho unajulikana, KCSE karatasi za nadharia ni Novemba. Mtahiniwa wa masomo nane ya kawaida, tuseme Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Biolojia, Kemia, Historia, CRE (dini ya Kikristo) na Biashara, anakaa karatasi 20: Kiingereza tatu, Kiswahili tatu, Hisabati mbili, Biolojia na Kemia tatu tatu, hizo zingine mbili mbili. Zote ni kalamu na karatasi, zingine saa mbili na nusu umekaa kitako. Sasa chukua ile mitihani 72 ya hapo awali uiangalie vizuri, karibu yote ilikuwa ya kuchagua A, B, C ama D kwa simu kwa sababu hiyo programu inasahihisha yenyewe na mwalimu hachoki. Mtu anafanya mitihani mwaka mzima na hakuna hata mmoja unaofanana na ule anaouendea.

Hisabati ndiyo iliniuma zaidi. Karatasi ya KCSE ya Hisabati ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 16 ya alama 50, ya pili maswali manane unachagua matano ya alama kumi kumi, na hakuna swali la kuchagua herufi humo ndani. Msahihishaji anapeana M1 kwa njia, A1 kwa jibu, B1 kwa kile unachostahili bila kuonyesha njia. Kulikuwa na dada mmoja wa Mumias, anaendesha kibanda cha M-Pesa, programu ilikuwa imempa maksi za chini mwaka mzima mpaka akaanza kusema Hisabati si yake. Nikamwambia anipigie picha daftari yake ya kufanyia hesabu pembeni. Swali la hesabu ya kuondoa mabano, amepanga vizuri, amezidisha vizuri, amekusanya vizuri, mstari wa nne alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha na jibu likatoka pembeni. Programu: sufuri. Kwa mwongozo wa kusahihisha wa KCSE huyo angebeba alama za njia, angepoteza ya jibu. Na hiyo alama ya kutoa ilikuwa inapotea mahali palepale, swali baada ya swali, anapofungua mabano yenye kutoa mbele. Mwalimu angeona kazi yake mara moja tu angemrekebisha kwa dakika kumi. Hakuna aliyekuwa ameona kazi yake, wote waliona herufi aliyobonyeza.

Kwa hivyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba Hisabati na sayansi zinafanywa kwa karatasi, zinapigwa picha, zinatumwa. Hapa kuna mambo madogo ambayo ukiyaacha yanaharibu kila kitu. Picha ipigwe karibu na dirisha ama nje kivulini, si chini ya balbu, kwa sababu kivuli cha simu kinaanguka juu ya kazi na mwalimu hasomi. Kalamu iwe nyeusi ama ya bluu iliyokolea. Ukurasa mmoja picha moja, namba ya ukurasa juu kulia, na zote zitumwe kama faili moja ya pdf, maana picha ishirini kwa WhatsApp zinachanganyika na mwalimu anajikuta anasahihisha ukurasa wa Akinyi akidhani ni wa Nekesa. Na mwanafunzi anapewa dakika 20 za kutuma ambazo haziko ndani ya muda wa mtihani. Hizo dakika 20 zilipunguza machozi kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, kwa sababu kumbe watu walikuwa wanaacha maswali ya mwisho kimakusudi ili wawahi kutuma.

Uamuzi wa pili ndio uliopingwa: opena iondoke, midtemu iondoke. Mahali pa opena tukaweka kipimo cha dakika 20 kwa kila somo wiki ya kwanza, hakina gredi, hakiendi kwa ripoti, ni cha mwalimu kujua aanzie wapi. Mahali pa midtemu tukaweka kazi ndogo kila wiki mbili kwa kila somo, masomo yamegawanywa makundi mawili, wiki hii kundi la kwanza, wiki ijayo la pili, ili mwanafunzi asibebe zaidi ya kazi nne kwa wiki. Kazi ndogo ni maswali mawili ama matatu ya sampuli ya KCSE, na mwalimu anarudisha ndani ya siku saba. Akichelewa kurudisha, kazi inayofuata ya somo lake haitoki. Hiyo sheria walimu hawakuipenda mwanzoni lakini niliing’ang’ania, kwa sababu bila hiyo tunarudi palepale pa kurundika maksi.

Halafu mwisho wa kila muhula, mtihani mmoja wa kukaa ana kwa ana, watu wanakuja Kisumu, Kakamega ama Nakuru, vyumba vya kukodi, kalamu na karatasi, msimamizi anatembea katikati ya meza. Kwenye ripoti kazi ndogo zinabeba 30 na mtihani wa kukaa unabeba 70.

Hiyo 70 kwa 30 ilitatua jambo la wizi pia. Mwaka wa nyuma walikuwa wanalazimisha kamera iwake mtihani mzima, na kamera inakula bando vibaya sana, na bado mtu ana simu ya pili kando. Kwa kazi ndogo tuliachana na kamera kabisa. Ukinakili unapata nini? Alama chache, na kwa mtihani wa kukaa utaonekana. Ile vita ya kila siku kati ya mwalimu na mwanafunzi ikapoa, na walimu wakaniambia wanafunzi walianza kuandika kwenye kazi, "Mwalimu, hapa sikuelewa naomba unieleze," kitu ambacho huwezi kuandika kwenye mtihani unaogopa.

Insha ilihitaji dawa yake. KCSE Kiswahili karatasi ya kwanza ni insha mbili, ya lazima na moja ya kuchagua, alama 20 kila moja, maneno yasiyopungua 400. Mwalimu alikuwa anapokea insha safi mno, methali zimepangwa kama askari, na akijaribu kumuuliza mwandishi maana ya methali aliyoitumia anapata kimya. Akili unde (AI) inaandika, mtoto ananakili kwa mkono ili ionekane ni yake. Mwalimu akaamua hivi: insha inaandikwa nyumbani vilevile, lakini baada ya kuituma unampigia mwalimu kwa zamu na anakuuliza maswali mawili, kwa nini umemalizia hapa, na aya ya pili ungeiongeza nini. Dakika tatu kwa mtu. Ukiweza kuitetea inakuwa yako hata kama ulisaidiwa kidogo, ukishindwa unaandika upya kwa mada nyingine. Ni kazi nyingi kwa mwalimu, hilo sitalificha, na kwa darasa kubwa haiwezekani kila wiki, ndiyo maana insha ikapangwa mara mbili tu kwa muhula.

Upinzani ulikuja kutoka pande mbili. Wazazi kwanza. Baba mmoja wa Nakuru alinipigia simu Januari, hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, nimelipa karo ya muhula mzima, mtoto hajafanya opena, nitajuaje kama anasoma?" Nikamwambia mzee wangu, wiki ijayo utapata kazi yake ya Hisabati ikiwa na wino mwekundu, utaona alipokosea na alipopatia, kisha baada ya wiki mbili utaona tena. Akasema sawa, lakini nataka pia namba. Anataka ajue mtoto ni wa ngapi. Namba hatukumpa mpaka mtihani wa kukaa, na hata hapo tulitoa gredi ya somo bila nafasi. Wazazi wengine waliendelea kulalamika mwaka mzima juu ya hilo na ninawaelewa, wamekulia kwa ripoti yenye nafasi.

Upinzani wa pili ulikuwa mzito zaidi, wa mtihani wa mwigo (mock) wa kidato cha nne. Shule nyingi zinaufanya Julai, nyingi zinaungana kufanya wa pamoja. Mimi nilitaka uwe wiki ya saba na ya nane ya muhula wa pili, yaani kati ya tarehe 9 na 20 Juni, majibu yarudi kabla ya likizo fupi ya mwisho wa Juni. Mwalimu wa Hisabati alikataa katakata, na hoja yake ilikuwa na maana: Juni silabasi haijaisha, utapima mtu kitu hajafundishwa, atapata maksi ya chini avunjike moyo miezi mitano kabla ya KCSE. Na mimi hoja yangu ilikuwa kwamba ukifanya mwisho wa Julai, unasahihisha Agosti watu wako likizo, unarudisha majibu muhula wa tatu wiki ya pili, na muhula wa tatu wote ni wiki tisa. Utarekebisha saa ngapi? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Tulichokubaliana ni kwamba mwigo unakuwa Juni lakini kila mwalimu anatangaza Aprili mada ambazo hazitakuwepo, na zile mada zilizobaki zinapimwa Septemba kwa karatasi moja fupi peke yake. Sioni kama yeye alishindwa ama mimi nilishinda, ule mpango wa pamoja ulikuwa bora kuliko wake na kuliko wangu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukimbia mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Baada ya maandamano ya 25 Juni 2024, mtu yeyote anayepanga kusafirisha vijana kwa matatu kwenda mjini lazima aangalie hiyo tarehe na Saba Saba, yaani 7 Julai. 2025 zote mbili zilikuwa na maandamano tena. Karatasi zetu wakati huo zilikuwa tayari mezani kwa walimu, zimesahihishwa.

Kuna vitu vya huku kwetu ambavyo kalenda ya Nairobi haikuonyeshi. Mvua ya ukanda wa ziwa na Kakamega hupenda kuja alasiri, na ikija na radi stima inaenda, netwaki inaenda. Kwa hivyo hakuna kazi yoyote ya muda maalum iliyowekwa baada ya saa saba mchana, na mitihani ya kukaa ilianza saa tatu asubuhi ili mtu wa Bungoma awahi kupanda matatu na arudi kwake mapema. Machi na mwanzo wa Aprili watu wanapanda mahindi, na kwa wanafunzi watu wazima hiyo si hadithi, ni chakula cha mwaka, hivyo wiki mbili za Machi tulipunguza kazi ndogo zikawa nusu. Ijumaa na Jumamosi nako kuna matanga. Ukipanga mtihani wa Jumamosi bila tarehe ya pili, jua kuna mtu atachagua kati ya mtihani na kumzika mjomba wake, na hatachagua mtihani, na mimi sitamlaumu.

Kemia naiongelea peke yake kwa sababu hapo mtandao unafika mwisho. Karatasi ya tatu ni ya vitendo, alama 40, na huwezi kufundishwa kusoma bureti, ule mrija mrefu wa kupimia kimiminika, kwa video. Unaweza kuona, ndiyo, lakini jicho lako halijawahi kuwa sambamba na mstari wa chini wa ule mpindo wa maji, mkono wako haujawahi kufunga koki tone kwa tone mpaka ile rangi ya waridi ya phenolphthalein ipotee usibakie hata kidogo. Mwaka wa 2024 watahiniwa walienda maabara mara moja tu, Oktoba, wakiwa na hofu, watu sita kwa bureti moja. Kwa 2025 tulikodi maabara ya shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, Jumamosi mbili kwa muhula kuanzia Februari, na kila Jumamosi ilikuwa na kitu kimoja cha kupimwa, si vyote. Ya kwanza ilikuwa kusoma bureti na kujaza jedwali tu, hakuna hesabu. Unarudia mara tatu, usomaji wako uwe unakaribiana, mwalimu anapita anaangalia na anasahihisha papo hapo ukiwa bado umeshika chupa. Kuna dada alisoma bureti kutoka chini kwenda juu, akaandika 23.4 badala ya 22.6, mwalimu akamwambia, "Mama, anza kuhesabu kutoka juu, sufuri iko juu." Alicheka, akasoma tena, na hiyo shida ikaisha siku hiyo. Kwa mpango wa zamani hiyo shida ingekutana naye ndani ya chumba cha KCSE. Upimaji mzuri kwangu uko hivyo, kosa linakamatwa likiwa bado la moto.

Hizo Jumamosi ziligharimu, na wazazi walichangia nauli na kemikali juu ya karo. Wawili hawakuweza na shule ikabeba.

Sasa tarehe ya pili. Kila mtihani wa kukaa ulikuwa na tarehe ya kwanza na ya akiba, zote zimeandikwa kwa kalenda tangu Januari, mzazi amesaini, chumba kimeulizwa kwa siku zote mbili. Mwalimu mkuu aliona tunatupa siku bure. Mtihani wa mwisho wa mwaka wa kidato cha pili na cha tatu ulikuwa Ijumaa na Jumamosi, 17 na 18 Oktoba, akiba 23 na 24. Jumatano tarehe 15 habari zikatoka India kwamba Raila Odinga amefariki. Mtu wa Kisumu sihitaji kumweleza hiyo wiki ilikuwaje. Ijumaa ikatangazwa sikukuu ya mazishi ya kitaifa, Jumamosi mwili ukaletwa uwanja wa Mamboleo na mji wote ukaenda huko, Jumapili akazikwa Bondo, Jumatatu ni sikukuu ya Mashujaa. Jumatano hiyo mchana tulituma ujumbe mmoja mfupi: pole kwetu sote, mtihani ni tarehe ya akiba. Hakuna aliyeuliza swali kwa sababu tarehe walikuwa nayo. Walimu waliomboleza kama watu wengine badala ya kushinda kwa simu wakipanga ratiba upya. Tarehe 23 watu walikuja, wengine sauti bado zimekauka, wakakaa, wakaandika. Kama ingekuwa ile kalenda ya zamani, hiyo wiki ilikuwa na enditemu ya masomo nane kwa simu, na wiki iliyofuata hakuna nafasi hata ya kuweka mguu.

Si kila kitu kilikaa vizuri. Nakuru wanafunzi ni wachache na kodi ya chumba na posho ya msimamizi zilipita kile kinachoingia kutoka upande huo, na muhula wa tatu tulilazimika kumtuma mwalimu wa Historia asimamie hata Biolojia. Wale wa Qatar walifanya mtihani wa kukaa kwa kamera, mzazi akiwa chumbani, na mimi sikuridhika, maana hiyo 70 yao haina uzito sawa na ya aliyekaa Kakamega mbele ya msimamizi. Kwenye ripoti zao tuliandika wazi jinsi mtihani ulivyofanywa. Na ile sheria ya siku saba, walimu wawili wa muda ilibidi waongezewe pesa kidogo ya kusahihisha, kwa sababu huwezi kumwambia mtu asahihishe kila wiki mbili kwa malipo ya kusahihisha mara tatu kwa muhula.

2026 imeleta jambo jipya kabisa. Gredi ya 10 ya kwanza ya CBE, mtaala mpya wa umilisi, imeingia Januari, na kwa shule moja tuna fomu thrii na fomu foo wa 8-4-4 na hawa wa Gredi ya 10. KCSE ya fomu thrii wa sasa itakuwa 2027, wao ndio wa mwisho. Hawa wa Gredi ya 10 wametoka KJSEA, tathmini ya mwisho wa sekondari ya chini, ambapo tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8 ilibeba asilimia 20, KPSEA ya mwisho wa msingi 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60, kwa hivyo wanajua tangu zamani kwamba kazi ya darasani inahesabika. Kazi ndogo za kila wiki mbili hazikuwashtua hata kidogo, wao wanauliza mradi uko wapi. Na miradi haikai vizuri kwa pdf ya kurasa nne. Mmoja wa Vihiga ametuma video ya kuku wake, dakika kumi na moja, akieleza lishe na gharama, na mwalimu anahitaji namna ya kuipima ambayo mwalimu mwingine akiipima atakaribiana naye.

Kwa sasa tumekubaliana mradi mmoja kwa muhula kwa somo la hiari, vigezo vinne vinatolewa kabla ya kuanza, walimu wawili wanapima kila mmoja kivyake kisha wanalinganisha, na video isizidi dakika tano kwa sababu ya bando. Vyumba vya Kakamega vimeshalipiwa vya muhula wa pili. Wazazi wa Nakuru wanapiga kura wiki hii kama wachange chumba chao ama watoto wapande matatu waje Kisumu usiku mmoja kabla, na kura ikitoka kalenda ya muhula inafungwa, tarehe za akiba zikiwemo.